Kujaza risasi hafifu za raifali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa kuwinda ukikaribia naulizwa yale yale na Waswahili wenzangu tulioko huku Marekani: mtu kanunua raifali kubwa ya kulungu, kapiga boksi moja, bega limevimba na mfuko umetoboka, sasa anauliza kama hakuna njia ya kuipunguza makali. Njia ipo. Nimeyakusanya maswali hapa ili nisiyajibu upya kwenye kila harusi.

## Mambo ya mwanzo

Risasi hafifu ni nini hasa?

Ni risasi ya raifali ya kawaida, tuseme .30-06 au .308, iliyojazwa baruti kidogo na mara nyingi kupachikwa kichwa (kile kinachoruka) cha risasi tupu, yaani madini yenyewe, badala ya kilichovikwa shaba, ili iende polepole, isipige teke na isigharimu sana. Matumizi yake ni kulenga makopo na karatasi, kufundishia mgeni, na kuwinda wanyama wadogo kama sungura na kindi.

Tazama nguvu zinavyotofautiana. Kichwa cha greni 150 (kama gramu 9.7) kikitoka kwenye .30-06 kwa mwendo wa kiwandani, mita 880 hivi kwa sekunde, hubeba karibu juli 3,800. Kichwa hicho hicho kikienda mita 450 hubeba juli 980 au zaidi kidogo. Risasi ndogo ya .22 unayoijua hubeba kama juli 170. Kwa hiyo risasi yetu “hafifu” bado ina nguvu zaidi ya mara tano ya .22. Hafifu ni jina la kulinganisha tu.

Mbona unasema ganda, kichwa, fataki? Si zote ni risasi?

Hapo ndipo Kiswahili kinapotuchanganya. Neno risasi limetoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya madini yale ya kijivu, likaja kuwa kile kinachotoka mtutuni, halafu likawa kitu kizima unachokitia kwenye bunduki. Mtu akikwambia “nimeyeyusha risasi” na “nimeingiza risasi” ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwenye ukurasa huu: *risasi* ni kitu kizima kilichokamilika. *Ganda* ni kikopo cha shaba. *Fataki* ni kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na pini ya bunduki kikawasha baruti. Wazee wa magobori wanalijua neno hilo vizuri. *Kichwa* ni kinachoruka. Madini nitayaita *risasi tupu*.

Si bora ninunue .22 tu nipumzike?

Kwa wengi, ndiyo. Ukitaka kulenga makopo na huna hamu ya kukaa mezani jioni nzima na mizani, nunua .22 uende zako, sitakukataza.

Risasi hafifu ina maana kwa mtu ambaye tayari ana raifali kubwa na anataka kuizoea: kitako kile kile, kifyatulio kile kile, darubini ile ile. Ukipiga mia mbili hafifu kwa mwaka, siku ya kulungu mkono hautetemeki. Na kuna sababu nyingine ambayo watu hawaisemi, kwamba kazi yenyewe ni tamu. Babu yangu Handeni alikuwa na gobori, na alipokuwa akienda kutafuta kanga alimimina baruti kidogo, akienda kwa nguruwe aliongeza. Nilidhani ni ubahili. Kumbe mzee alikuwa anajaza risasi hafifu miaka yote.

Nitaokoa hela kweli?

Kwa risasi moja moja, ndiyo. Ratili moja ya baruti ina greni 7,000. Kama dozi ni greni 45 unapata risasi 155. Kama ni greni 14 unapata 500. (Hiyo ni hesabu ya duka, si kipimo cha kutumia. Usinakili.) Ganda la shaba ndilo ghali kuliko vyote, na kwa nguvu ndogo hudumu sana. Kichwa ukikimimina mwenyewe ni bei ya madini tu. Kinachobaki ni fataki, na tangu 2020 bei yake imetutia adabu.

Ila mwisho wa mwaka ukipiga hesabu utakuta hujaokoa chochote, umepiga nyingi zaidi tu. Mke wangu aliligundua hili kabla yangu.

Bunduki gani zinafaa?

Za kukokiwa kwa mkono: za komeo (bolt action), za wenzo (lever action), na za risasi moja moja. Bunduki inayojikoki yenyewe inategemea gesi au teke la risasi kamili. Ukiitia hafifu itatema ganda nusu, au isiteme kabisa, na utashinda unalichomoa kwa kidole.

Kwa bunduki za wenzo kama zile za .30-30 zenye magazini ya bomba, kumbuka kichwa cha nyuma kinakaa kwenye fataki ya mbele. Tumia kichwa bapa, kamwe si chenye ncha.

## Sheria kabla ya baruti

Marekani nahitaji leseni ya kujaza risasi?

Kwa matumizi yako mwenyewe, sheria ya shirikisho haidai leseni. Ukianza kutengeneza kwa ajili ya kuuza, hata kwa marafiki wa kanisani, umeingia kwenye biashara inayotaka leseni ya serikali. Majimbo na miji ina nyongeza zake, na mwenye nyumba na kampuni ya bima nao wana yao. Viwango vya zimamoto vinavyofuatwa sehemu nyingi huruhusu nyumbani hadi ratili 20 za baruti isiyo na moshi, ikiwa kwenye makopo yake ya asili, na fataki zisizozidi 10,000. Mtu anayeanza hana sababu ya kufika hata robo ya hapo.

Niko hapa kwa viza ya masomo. Naruhusiwa?

Soma hili polepole. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki bunduki *na risasi*, isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa kibali halali cha kuwinda kutoka jimbo lolote. Mwenye kadi ya kijani hayumo kwenye katazo hilo. Kosa hapa halimalizwi kwa faini, linaweza kukufungasha virago. Kabla hujagusa hata ganda tupu, muulize wakili wa uhamiaji. Usimuulize jamaa wa kinyozi.

Niko Arusha (au Eldoret). Nina bunduki yenye leseni. Naweza kujaza?

Hapana, si kwa uamuzi wako mwenyewe. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, sura ya 114. Kote huko kutengeneza risasi bila idhini ya serikali ni kosa, na leseni ya kumiliki bunduki haikupi idhini hiyo. Soma ukurasa huu kwa kujua tu jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Na ninyi mnaokwenda likizo nyumbani: kung’uteni mabegi. Ganda moja lililosahaulika kwenye mfuko wa pembeni linatosha kukufanya uiangalie ndege yako ikiondoka.

## Meza na vifaa

Nahitaji vifaa gani?

Presi ya mkono iliyofungwa kwa bolti kwenye meza isiyotikisika. Daizi za kaliba yako (saizi ya risasi ya bunduki yako, kama .308), zile kalibu za chuma zinazolirudisha ganda kwenye umbo na kukaza kichwa. Mizani inayosoma sehemu ya kumi ya greni. Kifaa cha kupachikia fataki. Faneli. Kibao chenye matundu 50 ya kusimamisha maganda. Kalipa ya kupimia urefu. Miwani ya macho. Tochi, ambayo nitaieleza kwenye swali la baruti kidogo na hatari. Na kitabu, ambacho ndicho cha kwanza kununua.

Presi ya mtumba haina tatizo, chuma hakizeeki haraka. Mizani ya mtumba sitaki hata kuiona.

Kazi yenyewe inakwendaje?

Kwa ufupi: ganda lililopigwa linasafishwa na kukaguliwa nyufa, linapitishwa kwenye daizi, fataki kuukuu inatoka na shingo inarudi kwenye kipimo, unapanua mdomo kidogo kama kengele ili kichwa laini kisinyolewe, unapachika fataki mpya mpaka uisikie kwa kidole kwamba imezama, unapima baruti, unakagua kwa tochi, unakaza kichwa. Ukizoea, risasi 50 ni jioni moja bila haraka.

Panua mdomo huo hata kama video fulani inasema si lazima. Kichwa cha risasi tupu kikinyolewa na ukingo wa ganda, kinatoka kimepinda, na utalaumu bunduki.

Baruti gani inatumika?

Kuna njia tatu zinazotembea.

Ya kwanza ni baruti zinazowaka haraka, za bastola na bunduki za marisau, kama Unique na Red Dot za kampuni ya Alliant. Zinawaka vizuri hata zikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa, hazijali sana zimelala wapi. Ubaya wake: ni ndogo kwa ujazo, kwa hiyo dozi mbili zinaingia kwenye ganda moja bila kumwagika.

Ya pili ni baruti yenye ujazo mkubwa, iliyotengenezwa hasa kwa kazi hii. Inayojulikana ni Trail Boss, chembe zake ni duara zenye tundu katikati kama vitumbua vilivyotobolewa. Inajaza ganda, ukirudia dozi unaona kwa macho. Haitakiwi kushindiliwa hata kidogo. Imekuwa adimu sana madukani, na anayebahatika kuipata haikopeshi.

Ya tatu ni H4895 ya kampuni ya Hodgdon, baruti ya raifali ya kawaida inayovumilia kupunguzwa. Tazama swali la asilimia 60.

Mbona hutaji kipimo? Nipe tu namba, kaka.

Sitoi. Namba sahihi inategemea kaliba, uzito na aina ya kichwa, baruti, fataki, na unene wa ganda, na mimi sijui una nini mezani. Nikikosea tarakimu moja hapa, kosa langu linalipukia usoni kwako. Vipimo vinachapishwa na waliovipima kwa vyombo vya kupimia msukumo: watengenezaji wa baruti wanavitoa bure, na kuna vitabu vinene vyenye sura nzima za vichwa vya kumimina. Chukua namba huko, tena kwa baruti ile ile kwa jina na kwa tarakimu. H4895 na IMR 4895 ni makopo mawili, si moja.

Hiyo asilimia 60 ni nini?

Hodgdon wenyewe wameandika utaratibu: unachukua dozi ya juu kabisa ya H4895 iliyochapishwa kwa kaliba na kichwa chako, unazidisha kwa 0.6, hapo ndipo pa kuanzia, na unaweza kupanda kidogo kidogo mpaka ulenge unavyotaka. Chini ya hapo usishuke.

Kosa ninalolisikia kila mwaka ni mtu kuichukua asilimia hiyo na kuipeleka kwenye baruti nyingine. Ruhusa ni ya H4895. Baruti zinazowaka polepole hazimo, na sababu inafuata.

## Hatari zake

Baruti kidogo, hatari kidogo. Sivyo?

Sivyo, na kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, liwe hili.

Risasi kamili inajaza ganda karibu mpaka shingoni. Ukikosea ukaweka mara mbili, baruti inamwagika mezani, unaona aibu, unafuta. Risasi hafifu inaacha ganda nusu tupu au zaidi, na utupu huo unaficha makosa. Bunduki imetulia zaidi, lakini meza yako imekuwa kali zaidi.

Kosa la kwanza ni dozi mbili. Baruti ya haraka ikiwekwa mara mbili haiendi haraka mara mbili. Msukumo unapanda kuliko chuma kinavyoweza kubeba, na komeo linaweza kukurudia. Dawa yake ni utaratibu, si umakini, kwa sababu umakini unachoka. Maganda yote yasiyojazwa yasimame mdomo chini. Ukilijaza moja, linasimama wima kwenye kibao kingine. Yakishafika 50, zima taa ya meza, washa tochi, chungulia moja moja safu kwa safu. Jicho linaona haraka ganda ambalo baruti imepanda au imekosekana. Ndipo uanze kukaza vichwa. Kopo moja tu la baruti liwe mezani, mengine yarudi kabatini.

Kosa la pili ni kupunguza baruti inayowaka polepole. Inashangaza, lakini dozi ndogo mno ya baruti ya polepole kwenye ganda kubwa imewahi kupasua bunduki. Wataalamu hawajakubaliana sababu moja: wengine wanasema moto unapita juu ya baruti iliyolala na kuiwasha yote kwa mpigo, wengine wanasema kichwa kinasogea, kinakwama mwanzo wa mifereji ya ndani ya mtutu, halafu msukumo unakikuta kimesimama. Kwetu sisi wa mezani mjadala huo hautuhusu sana. Usishuke chini ya kiwango cha kitabu, basi.

Kosa la tatu ni kushuka mno na kichwa kilichovikwa shaba. Shaba ni ngumu kuliko risasi tupu na inakwaruzana zaidi na mtutu, kwa hiyo msukumo ukiwa mdogo mno hakifiki mdomoni.

Nimesikia “pfut” badala ya mlio. Nifanyeje?

Simama. Usikoki tena. Elekeza mtutu mahali salama uhesabu nusu dakika, kisha ufungue, utoe ganda, na uchungulie mtutu kutoka nyuma. Kama huoni mwanga, kichwa kimo ndani.

Yalinikuta mwaka wangu wa tatu. Nilikuwa nimejaza 50 usiku, nikafika thelathini na kitu, shangazi akapiga simu kutoka Tanga, na simu ya Tanga haikatwi. Niliporudi mezani niliruka ganda moja. Lilikuwa na fataki na kichwa, baruti hamna. Wikiendi ile, kwenye uwanja wa shabaha, risasi ya kumi na kitu ilitoa sauti kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika komeo kuingiza nyingine, kwa mazoea tu. Mzee wa meza ya pembeni akapaza sauti nisimame. Tulichungulia: giza. Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa kama sentimita kumi ndani ya mtutu kikatulia. Ningepiga nyingine nyuma yake, mtutu ungefura au kupasuka.

Kichwa kinatolewa kwa fimbo ya shaba ya kipimo cha mtutu, matone ya mafuta, na nyundo ndogo yenye subira, bunduki ikiwa tupu na imefungwa. Ukiona hakitoki, peleka kwa fundi bunduki. Kamwe usikipige kwa risasi nyingine ili kitoke. Siku hizi nikijaza, simu inabaki jikoni.

Kuna wanaotia sufi juu ya baruti. Ni sawa?

Ndiyo, sufi ile ile ya mito ya nyumbani, ya msufi! Nilicheka niliposikia Wamarekani wanaitafuta. Wengine hutumia pamba ya plastiki ya kujazia makochi. Lengo ni kuishikilia baruti karibu na fataki ili iwake sawasawa kila mara.

Mimi situmii. Vifuniko vigumu vya karatasi au nta vilivyoachiwa nafasi kati yake na kichwa vimelaumiwa kwa kuacha pete ndani ya chemba za bunduki, pale ganda linapokaa, na hata sufi laini inabadilisha msukumo. Ukichagua baruti isiyojali imelala wapi, huhitaji kujaza godoro. Kama kitabu chako kimetaja kijazio pamoja na kipimo chake, fuata kitabu. Kama hakikutaja, usiongeze.

Naweza kuchanganya na zile kamili kwenye boksi moja?

Hapana. Kwa macho zinafanana. Boksi lake, karatasi yake (tarehe, baruti, dozi, kichwa, fataki), na mimi hupaka kitako cha kila ganda wino wa kijani. Siku ya kulungu mfukoni hamna kijani.

## Vichwa vya kumimina

Lazima nimimine mwenyewe?

La. Vichwa vilivyomiminwa vinauzwa tayari, na kwa mwaka wa kwanza nashauri ununue. Kumimina ni ufundi wa pili juu ya ufundi wa kwanza.

Madini natoa wapi, na nichunge nini?

Wengi walianza na vipande vya balansi za matairi. Siku hizi vingi ni vya chuma au zinki, na zinki ikiingia kwenye sufuria inaharibu mchanganyiko wote. Risasi tupu huyeyuka nyuzi 327, zinki 420, kwa hiyo ukishikilia moto chini, zinki inaelea na unaichota na kijiko. Bati kidogo hufanya madini yajaze kalibu vizuri, antimoni hutia ugumu.

Maji ndiyo adui. Kipande chenye unyevu kikizama kwenye madini yaliyoyeyuka, maji yanageuka mvuke papo hapo na sufuria nzima inaruka. Kausha kila kitu, fanya kazi nje penye hewa, vaa viatu vya kufunika na glavu ndefu. Jasho la paji la uso nalo ni maji.

Nina watoto. Kuna sumu?

Ipo, na kwa watoto hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Sufuria ya kuyeyushia haiingii jikoni. Hakuna kula, kunywa wala kuvuta sigara mezani. Nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujamshika mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Vumbi linalotoka kwenye maganda wakati wa kuyasafisha, na moshi wa fataki kwenye ukumbi wa ndani wa shabaha, vinachangia zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwambie daktari wako unafanya kazi hii. Kipimo cha damu ni rahisi.

Kama kuna mjamzito au mtoto anayetambaa nyumbani na huna banda la nje, nunua vichwa vilivyo tayari.

Mtutu umejaa mistari ya kijivu. Kwa nini?

Ni madini yaliyobanduka. Karibu kila mara kichwa ni chembamba kwa mtutu huo, na gesi ya moto inapenya pembeni ikikiyeyusha. Sukuma kipande laini cha risasi tupu ndani ya mtutu, kipime kwa maikromita, na kichwa chako kiwe kikubwa kwa inchi 0.001 hadi 0.002. Kwa mtutu wa .308, hiyo ni .309 au .310. Watu hukimbilia kuongeza ugumu wa madini. Kipimo huja kwanza.

Vinavyosaidia zaidi ni nta kwenye mifuo ya kichwa, kikombe kidogo cha shaba kitakoni, au rangi ya unga iliyookwa. Oveni ya kuokea vichwa isije ikaoka mkate tena maisha yake yote.

## Uwanjani na porini

Kwa nini risasi zinaenda mahali pengine kabisa?

Kwa sababu zinakwenda nusu ya mwendo. Kichwa cha mita 450 kwa sekunde kinachukua karibu robo sekunde kufika mita 100, na kwa muda huo kimeshuka kama sentimita 30 kutoka mstari wa mtutu. Darubini iliyopangwa kwa risasi kamili haijui hilo. Ipange upya kwa mita 50, hesabu mibofyo uliyozungusha, iandike kwenye daftari, na siku ya kurudi kwenye risasi kamili irudishe *na upige kuthibitisha*. Wakati mwingine hafifu inakwenda kushoto au kulia pia, maana mtutu unatikisika vingine.

Inafaa kwa sungura na kindi?

Inafaa, ndani ya mita 50, ukipiga kichwani. Risasi kamili ya .30-06 ikimpata sungura haibaki nyama ya kuzungumzia. Hafifu ya kichwa kigumu inatoboa tundu safi na kupita. Kichwa bapa kinaua haraka kuliko cha mviringo. Kwanza soma kanuni za jimbo lako, kwa sababu baadhi hudhibiti aina ya bunduki kwa wanyama wadogo. Na kata nyama pana kuzunguka jeraha, uitupe hiyo.

Kindi yuko juu mtini, na kichwa kikimkosa kinaenda mbali. Hata ile ndogo ya .22 hufika zaidi ya maili moja. Kama nyuma yake ni anga, usipige.

Nyama yake ni halali?

Mimi si shehe. Ninalolijua ni kwamba mafundisho yanatofautisha kinachotoboa na kinachoua kwa kishindo, kwamba bismillahi inasemwa wakati wa kufyatua, na kwamba ukimkuta angali hai na una nafasi, unamchinja. Kwa hiyo nakwenda na kisu kikali na natembea upesi. Mengine muulize imamu wako, na umweleze wazi kwamba ni kichwa kinachotoboa.

Nikiishusha chini ya mwendo wa sauti, itakuwa kimya?

Chini ya mita 340 hivi kwa sekunde ule mpasuko wa angani unapotea, unabaki mlio mzito wa mtutu. Vaa vizibo vya masikio vile vile. Na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyolikaribia lile swali la “pfut”.

Fataki zinachomoza kitakoni baada ya kupiga. Ni msukumo mkubwa?

Ni kinyume chake, na hapa hata wazoefu wanajikwaa. Kwenye risasi kamili, msukumo unalirudisha ganda nyuma likakaa kwenye komeo na kuikalisha fataki mahali pake. Kwenye hafifu, fataki inalipuka, inajisukuma nyuma, na hakuna nguvu ya kutosha kuirudisha. Tena kwenye maganda yasiyo na ukingo unaochomoza kitakoni kama .30-06 na .308, pigo la pini na fataki linalisukuma ganda mbele, na bega la ganda, pale linapopungua kuelekea shingoni, linabonyea kidogo kila mara. Baada ya kujazwa mara kadhaa ganda limekuwa fupi kwa chemba.

Kwa hafifu ufupi huo ni kero. Ganda hilo hilo ukilijaza risasi kamili, linaweza kunyooka na kukatika karibu na kitako. Ndiyo maana maganda ya hafifu yabaki ya hafifu mpaka yafe. Kuna wanaopanua tundu la moto (lile linalopitisha moto wa fataki hadi kwenye baruti) kwa kekee ili kupunguza tatizo. Ganda la namna hiyo halifai tena kwa kazi nyingine yoyote, na usipoliwekea alama, siku moja litaingia kwenye boksi lisilo lake. Mimi nimeiacha kekee, nalipima bega kwa kalipa kila baada ya kujaza mara tatu, na lililofupika nalibana kwa koleo nikalitupia kwenye ndoo ya shaba chakavu.